Chombo Hakiendi ila kwa Nyenzo

Wazee wetu wa pwani, walioishi na vyombo vya bahari tangu utoto wao hadi uzee wao, wametuachia msemo usiochakaa: chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Jahazi laweza kuwa limeundwa na fundi hodari, likatiwa kalafati vizuri, likapakwa sifa na deheni, na tanga lake likawa jipya. Lakini likikosa magogo ya kuliteremshia, kamba za kulivutia na mikono ya watu wa kulisukuma, litabaki pale pale mchangani liwe kivuli cha mbuzi.

Msemo huo unafaa sana kwa jambo ambalo nataka tulizungumze leo, nalo ni elimu ya watoto wa Kibera na Kawangware, mjini Nairobi, katika zama hizi za kompyuta na intaneti. Kwa muda wa zaidi ya miaka kumi sasa tumesikia ahadi juu ya ahadi za vyombo: kompyuta kwa watoto, tableti kwa watoto, mtandao kwa watoto. Vyombo vingine vimeletwa kweli, na waliovileta wanastahili shukrani. Lakini pengo baina ya mtoto wa tajiri na mtoto wa maskini halikuzibika, na sababu yake si ngumu kuiona. Tumegawa vyombo, tukasahau nyenzo.

Shauri langu ni hili, nami nalisema mapema ili msomaji ajue niendako. Mtoto wa Kibera hatavushwa na tableti aliyopewa akaachwa nayo peke yake. Atavushwa na mahali karibu na kwao, palipo wazi jioni, penye umeme na mtandao asioulipia yeye, penye masomo kwa lugha aifahamuyo, na juu ya yote penye mtu mzima aliyekabidhiwa kumwangalia. Mahali pa namna hiyo sisi watu wa pwani hatuna haja ya kufundishwa na mtu. Tulikuwa napo kabla ya shule ya serikali kuja.

Mgeni aliyeshukia Mombasa

Huenda msomaji wa Mombasa, Lamu au Malindi akauliza: Kibera na sisi wapi na wapi? Mzigo wa mwenzio, kama wasemavyo, ni kanda la usufi. Lakini mzigo huu ni wetu pia, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni kwamba huo mtandao wenyewe ulishukia kwetu. Mwaka 2009 waya mkubwa uitwao TEAMS ulifika Mombasa kutoka Fujairah, katika Umoja wa Falme za Kiarabu, ukiwa umetandazwa chini ya bahari kwa zaidi ya kilomita 4,000. Mwaka huo huo ukaanza kazi waya mwingine, wa SEACOM. Kabla ya hapo Kenya ilitegemea setilaiti, na gharama yake ilikuwa kubwa mno. Yaani kutoka pande zile zile ambako mababu walikuja na kaskazi wakileta tende na mazulia, ndiko yalikotokea maarifa ya dunia nzima, yakapita kwetu yakapanda bara hadi Nairobi. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tulivyotumaini. Lakini mgeni huyu amepita kwenye milango mingi bila kupiga hodi. Amepita hapa pwani, na huko bara amepita Kibera na Kawangware.

Ya pili ni kwamba Kibera si ugenini kwa Mwislamu wa Kenya. Mji ule ulianzishwa na askari wa Kisudani wa jeshi la King's African Rifles, waliopewa kukaa katika msitu ule mwanzoni mwa karne ya 20. Jina lenyewe, Kibra, kwa Kinubi maana yake ni msitu. Wajukuu wa askari hao ndio Wanubi wa leo, ambao mwaka 2017 walipewa hati ya ekari 288 za ardhi baada ya kudai kwa vizazi. Siku hizi Kibera ina watu wa makabila yote, wa Laini Saba na Gatwekera, wa Lindi na Silanga, wa Soweto na Kianda; lakini adhana ingali inasikika Makina. Kawangware nayo, upande wa magharibi wa jiji, imejaa watu waliotoka kila pembe ya nchi kutafuta riziki, nayo imepakana na Lavington, mtaa wa matajiri. Mtoto wa upande mmoja akitembea dakika chache tu anafika upande wa pili. Katika elimu, safari hiyo ni ndefu kuliko ya kwenda Maskati.

Mwaka uliofunua mambo

Urefu wa safari hiyo ulidhihirika mwaka 2020. Tarehe 15 Machi ya mwaka huo, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa shule kwa sababu ya maradhi ya korona. Madarasa machache yalirudi Oktoba, na waliosalia hawakurudi mpaka Januari 2021. Katika muda huo wote Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala ya Kenya ilitoa masomo kwa redio, kwa televisheni na kwa mtandao, na tukaambiwa kwamba masomo yanaendelea.

Yaliendelea kwa nani? Mtoto wa Lavington alikuwa na chumba chake, kompyuta yake, na mwalimu wake akimwona usoni kila asubuhi. Mtoto wa Kawangware alikuwa katika chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi pamoja na wazazi na ndugu zake, mahali ambapo meza ya kulia ndiyo meza ya kuandikia, na pazia ndilo ukuta. Simu ya nyumbani, kama ipo, ni moja, nayo asubuhi huondoka na mama kwenda kutafuta kibarua cha kufua nguo. Inaporudi jioni, betri imekwisha, na pesa za bando zimekwisha pia. Somo moja la video kwa mtu wa mshahara ni kitu kidogo asichokihesabu. Kwa nyumba inayokula kibarua cha siku ni sawa na bei ya unga. Maji ya kifuu, bahari ya chungu.

Tena tazama dhuluma iliyojificha hapa. Katika mitaa kama Kibera maji hununuliwa kwa mtungi, na hesabu ikifanywa, lita moja humgharimu maskini zaidi kuliko tajiri mwenye mfereji nyumbani. Mtandao umefuata njia iyo hiyo. Mwenye uwezo hulipa mara moja kwa mwezi, akatumia apendavyo. Asiye nacho hununua kidogo kidogo, bando la saa moja, bando la siku moja, na kila kipande chamtoka kwa bei ya juu zaidi. Umaskini, kama alivyo mchuuzi mkali, huuza rejareja.

Sensa ya mwaka 2019 ilikuwa imekwisha kutuonya. Katika Wakenya wa umri wa miaka 3 na zaidi, waliotumia intaneti walikuwa asilimia 22.6, na waliotumia kompyuta walikuwa asilimia 10.4 tu. Yaani kabla ya shule kufungwa, ilijulikana kwamba watu tisa katika kumi hawashiki kompyuta. Hata hivyo mtandaoni ndiko watoto walikoambiwa waende. Mwezi Julai 2020 Waziri wa Elimu, marehemu Profesa George Magoha, alitangaza kwamba mwaka ule wa masomo umepotea na watoto wataanza upya. Kwa mtoto wa Lavington mwaka huo ulipotea katika daftari la serikali. Kwa mtoto wa Kibera ulipotea kichwani mwake.

Maradhi yamepungua lakini pengo limebaki. Mtaala mpya wa umilisi, ulioanza kote nchini mwaka 2019, humtaka mtoto atafute picha, atazame video, achapishe karatasi. Mzazi asiye na vifaa humpeleka dukani kwa kompyuta, saiba kama wanavyosema Nairobi, akalipa kwa dakika na kwa ukurasa. Mwaka 2022 masomo ya uandishi wa programu za kompyuta yaliidhinishwa kwa shule za msingi na za sekondari. Ni jambo jema. Lakini mtu huandikia programu juu ya nini?

Waliohesabiwa na wasiohesabiwa

Serikali ilijibu swali hilo mapema. Muungano wa Jubilee uliingia madarakani mwaka 2013 kwa ahadi ya kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza. Ahadi ikabadilika ikawa ya tableti, na kuanzia mwaka 2016 zaidi ya vifaa milioni moja vikapelekwa katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000. Si kazi ndogo hiyo, na asiyeshukuru kidogo hashukuru kingi.

Lakini tulisome tena neno moja: shule za umma. Kibera ina shule za umma chache pembezoni mwake, kama vile Olympic, Ayany na Toi, na hizo zilifurika tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2003. Ndani ya mitaa yenyewe watoto wengi husoma katika shule ndogo za watu binafsi, za makanisa, za vikundi vya akina mama na za wafadhili, zilizojengwa kwa mabati na mbao. Karo yake ni ndogo lakini ipo. Hali ya baadhi ya majengo ya namna hiyo iliijulisha nchi nzima machozi tarehe 23 Septemba 2019, pale madarasa yalipoporomoka huko Ng'ando, si mbali na Kawangware, na watoto wanane wakafariki. Basi vifaa vya serikali vilipopita, vilipita kando ya shule hizi, kwa kuwa si za umma. Mtoto mwenye haja zaidi ndiye aliyekuwa nje ya orodha.

Na orodha ni jambo zito. Mwaka 2017 Wizara ya Elimu ilianzisha daftari la wanafunzi la mtandaoni lililoitwa NEMIS, na ufunguo wa kuandikishwa ukawa cheti cha kuzaliwa. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa ugumu wa kupata karatasi kwa mtu ambaye jina lake au sura yake imetiliwa shaka na karani. Wanubi wa Kibera wanaujua ugumu huo pia. Mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya imevunja haki za watoto wa Kinubi katika jambo la uraia na uandikishaji wa kuzaliwa. Basi pengo hili tunalolizungumza halianzii kwenye kompyuta. Lina mlango mwingine kabla yake, nao ni kuhesabiwa kwamba upo.

Hata kule vifaa vilikofika, magazeti yameripoti mara nyingi habari za tableti zilizofungiwa stoo kwa kuogopa wezi, zilizokosa umeme, zilizoharibika bila fundi, au zilizomkuta mwalimu ambaye hakufundishwa kuzitumia. Wala si Kenya peke yake. Nchi ya Peru, huko Amerika ya Kusini, iligawa kompyuta ndogo zaidi ya 800,000 kwa watoto wake. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2012, uliofanywa katika shule 319 za vijijini, ulikuta kwamba watoto walijua zaidi kutumia kompyuta, lakini katika hisabati na lugha hawakuwapita wenzao ambao hawakupewa. Chombo kilifika. Nyenzo hazikufika.

Funzo la Tanga

Hapa atatokea mtu aniambie: mbona huko Tanga watoto walijifunza bila mwalimu? Ni kweli, na hoja hiyo inastahili kujibiwa kwa haki. Baada ya mashindano ya kimataifa ya XPRIZE kuwapata washindani watano wa mwisho, programu zao zilijaribiwa katika vijiji 170 vya Mkoa wa Tanga, kwa watoto takriban 2,700. Walipewa tableti zenye masomo ya kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, wakaachwa wajifunze kwa muda wa miezi 15. Wengi wao walikuwa hawajawahi kwenda shule. Walipoanza, zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Matokeo yalipotangazwa mwaka 2019, idadi hiyo ya wasioweza ilikuwa imepungua kwa nusu.

Mimi nafurahi sana kwa habari hizo, tena ni za pwani yetu. Lakini tuzitazame kwa macho mawili. Kwanza, masomo yalikuwa kwa Kiswahili, lugha ya mtoto, wala si kwa Kiingereza cha kukariri. Pili, yalikuwa yamewekwa ndani ya tableti yenyewe, hapakuwa na bando la kununua. Tatu, kila kijiji kiliwekewa kituo cha kuchaji kwa nguvu za jua, na wakawako watu wazima wa kijijini waliokabidhiwa kazi hiyo. Hizo ndizo nyenzo tatu: lugha, njia isiyolipiwa, na mtu mwenye dhamana. Nne, baada ya yote hayo, nusu ya wale wasiojua kusoma neno walibaki hawajui. Nusu hiyo ndiyo haki ya mwalimu. Kwa hiyo Tanga haipingani na Peru. Inatuonyesha Peru ilikosa nini, na inatuonyesha chombo, hata kikipata nyenzo, huishia wapi kisipokuwa na nahodha.

Yaliyokwisha kufanywa

Watu wa Kibera na Kawangware wenyewe hawakukaa wakingoja. Maktaba ya umma iliyoko Kibera, tawi la Huduma ya Maktaba ya Kitaifa, katika miaka ya mwanzo ya 2010 iliwawekea watoto tableti za kusomea ndani ya maktaba, chini ya uangalizi wa wakutubi. Taasisi ya Tunapanda, iliyo Kibera, imejenga mtandao wa jamii wa mawimbi, ukiunganisha shule na vituo vya vijana vya mtaani, ili watumie kwa pamoja mtandao ambao mmoja mmoja wasingeumudu. Mwaka 2015 kampuni ya BRCK ya Nairobi ilitoa sanduku liitwalo Kio Kit, lenye tableti 40 zinazochajiwa humo humo sandukuni bila kuchomekwa moja moja, na shule moja ya Kawangware ilikuwa miongoni mwa za kwanza kulijaribu. Eneza Education nao walifikiria simu ya kabwela, ile ya vibonyezo, wakatengeneza masomo ya kuulizwa na kujibiwa kwa ujumbe mfupi. Na jirani zetu wa Dar es Salaam, tangu mwaka 2014, wametoa kipindi cha Ubongo Kids, kinachofundisha hisabati kwa Kiswahili na kwa nyimbo, katika televisheni ya kawaida.

Linganisha haya na maajabu mengine tuliyoonyeshwa. Mwezi Julai 2020 mabalungi makubwa ya kampuni ya Loon yalianza kuelea juu ya Kenya, yakimwaga intaneti kutoka mawinguni, na dunia ikashangilia. Mwaka 2021 yakashushwa, kampuni ikafungwa, kwa kuwa hesabu ya biashara haikulipa. Kisichokuwa na mizizi mtaani huondoka na upepo. Maktaba ina mlango, ina kufuli, ina mtu anayejua jina la mtoto na jina la mama yake. Ndiyo maana siku puto likiondoka, maktaba ingalipo.

Ubao na mwalimu

Sasa turudi kwetu. Mtoto wa pwani, kabla ya shule za kizungu, alianzia chuoni. Alikuwa na ubao wake, nao ndio tableti ya siku zile. Uliandikwa kwa kalamu ya utete na wino uliotengenezwa kwa masizi, na somo likishahifadhiwa ukaoshwa ukaandikwa jipya. Kile kilikuwa chombo rahisi, chenye kudumu, na maskini na tajiri walikaa juu ya mkeka mmoja, kila mmoja na ubao wake, mbele ya mwalimu mmoja.

Lakini hakuna mzee hata mmoja anayesema kwamba alifundishwa na ubao. Wote husema walifundishwa na mwalimu fulani. Mwalimu alisikiliza, alisahihisha herufi, alimjua mvivu na mgonjwa, na mtoto asipokuja aliwatuma wenzake wakamtafute. Wakubwa waliwafundisha wadogo, na mzazi alileta alichoweza. Nyumba yenyewe aghalabu ilikuwa ya mwalimu, au iliyowekwa wakfu na mtu aliyekwisha fariki, ambaye thawabu zake zingali zikimfikia. Huo ulikuwa mpango kamili: chombo, mahali, lugha, mwalimu, na mali ya kuuendesha isiyotegemea fadhila za mwaka huu na mwaka ujao. Mtu akisema leo kwamba amebuni kituo cha jamii cha kujifunzia, tumpe hongera na tumkaribishe. Lakini tujue kwamba jambo hilo halikuanza kwake.

Sisemi kwamba turejee kwenye masizi na utete. Nasema kwamba hekima iliyokuwa katika mpango ule ndiyo inayokosekana katika mipango ya leo, ambayo huanza kwa kununua mbao maelfu kwa maelfu, kisha ikauliza mwishoni nani atakaa na watoto.

Khofu ya wazazi

Najua vilevile kwamba wazazi wengi wa Kiislamu, wa pwani na wa Kibera, wana khofu na mtandao. Wanasema umejaa uchafu, kamari na maneno ya upotofu, na mtoto akiutumbukia hatoki. Khofu hiyo si upuuzi. Yaliyomo mtandaoni yamo, na mwenye macho haambiwi tazama.

Lakini tuulizane: ni mtoto yupi aliye katika hatari kubwa? Ni yule anayesomea penye watu wengi, kioo chake kikionekana na mwangalizi, akitumia masomo yaliyochaguliwa? Au ni yule aliyeazimwa simu na kaka yake, akajificha nayo chini ya shuka saa nne za usiku? Mtoto tuliyemnyima mtandao wa halali hakuukosa mtandao. Ameupata wa kichochoroni. Na binti ndiye anayeumia mara mbili, maana kaka yake atakwenda saiba bila kuulizwa, naye atabaki nyumbani akichota maji na kulea wadogo. Mahali pa wazi, palipo karibu, penye mwanamke mwaminifu wa kuangalia, ndipo mzazi atakapomruhusu binti yake kwenda na moyo ukatulia.

Tufanye nini

Kwanza, serikali na iwahesabu watoto, isihesabu majengo. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, yasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Haikusema mtoto wa shule ya umma. Shule ndogo za Kibera na Kawangware zikaguliwe, zisaidiwe kutimiza masharti, ziandikishwe, na vifaa vifuate mtoto alipo. Na mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa asaidiwe kukipata badala ya kufungiwa mlango.

Pili, vifaa vilivyolala stoo vitolewe vikae mahali pa pamoja: katika maktaba, katika kumbi za jamii, katika shule zinazofunguliwa baada ya saa za masomo. Tableti 40 zilizo katika chumba kimoja chenye mwangalizi zaweza kuhudumia watoto mamia kwa zamu. Tableti 40 zilizotawanywa nyumbani huwa 20 baada ya muda mfupi, na baadaye huwa hadithi.

Tatu, alipwe mtu kabla ya kununuliwa kifaa. Katika kila mpango, fungu la kwanza liwe la mwalimu au kijana wa mtaa huo huo aliyefunzwa, ambaye atakuwapo kila jioni. Kibera na Kawangware zimejaa vijana waliomaliza sekondari na hawana kazi. Hao ndio mikono ya kulisukuma jahazi.

Nne, masomo yawe kwa Kiswahili katika madarasa ya chini, na yawekwe ndani ya kifaa au ndani ya kituo ili yasihitaji bando. Programu zilizojaribiwa Tanga zilitolewa ziwe huru kwa yeyote azitumie na azirekebishe. Hazina hiyo ni ya Kiswahili, ni ya bure, na mtoto wa Silanga anaifahamu lugha yake.

Tano, sisi wenyewe. Misikiti na madrasa zetu, za Makina kama za Mombasa, zina kuta, zina umeme, zina maji, zina mlinzi, na zina heshima ambayo hata mwizi huifikiria mara mbili. Nyingi zina vyumba vilivyo tupu saa nyingi za siku. Kwa nini chumba kimoja kisiwe cha masomo, baina ya alasiri na magharibi, kwa kila mtoto wa mtaa, awe Mwislamu au asiwe? Makanisa nayo yana kumbi zao, na katika kheri kila mmoja ana nafasi yake. Na kwa nini mwenye maduka mawili asiweke kodi ya moja kuwa wakfu wa kulipia mtandao na mwangalizi wa chumba hicho? Pwani hii ina wakfu nyingi za misikiti na makaburi, na ofisi ya kuzisimamia imekuwa Mombasa tangu zama za ukoloni. Wazee wetu waliweka wakfu visima kwa kuwa kiu ya zama zao ilikuwa ya maji. Kiu ya mtoto wa zama hizi tunaijua, na anayechimba kisima haulizi kila mnywaji ni wa kabila gani.

Watoto waliokuwa darasa la kwanza mwaka 2020 sasa wamekwisha kuwa vijana wadogo. Hawana muda wa kungoja tume nyingine wala ahadi ya uchaguzi mwingine. Kila mwaka unaopita, wale wa upande wa Lavington wanasonga mbele kwa tanga, na wale wa upande wa Kawangware wanapiga kasia. Vyombo vipo, vingine vimefungiwa stoo hivi leo vikiliwa na vumbi. Lililobaki ni magogo, kamba na mikono, na hayo hayaletwi na waya kutoka Fujairah. Yatatoka kwetu, au hayatatoka popote.